Shajara ya mradi: kusoma Outlander vitabu tisa nikiwa Wete, na kumsimulia bibi

7 Januari 2024. Naanza

Mradi wenyewe huu: nisome vitabu vyote tisa vya Outlander vya Diana Gabaldon ndani ya mwaka mmoja, kwa Kiingereza changu cha fomu foo na cha kwenye maboksi ya dawa (mie nauza duka la dawa hapa Wete), na niwe naandika hapa kila nikimaliza hatua ili mwenzangu atakaetaka kupita njia hii asipoteze pesa nitakazopoteza mie. Kwa asiyejua, ni hadithi ya mapenzi na ya kuhama zama. Claire, nesi aliyetoka vita vya pili vya dunia, kaenda na mumewe Frank kula fungate ya pili Inverness, Uskoti, mwaka 1945, kagusa jiwe kwenye duara la mawe makubwa, akajikuta yuko 1743, na huko akaolewa na kijana wa milimani Jamie Fraser. Cha kwanza kilitoka 1991, cha tisa 2021, cha 10 hakijatoka, kwa hiyo hata nikimaliza sijamaliza.

Kitabu cha kwanza kaninunulia binamu yangu kwa wauza vitabu vya mtumba Dar, elfu 18, na kuja na boti mpaka Mkoani mzigo elfu 5. Kinene kama tofali, kurasa mia nane na kitu. Kaunta buku moja elfu 3 na mia 5. Tuone.

28 Januari. Kamusi imeniangusha

Wiki tatu, kurasa 60. Kosa langu nilikuwa kila neno nisilolijua nasimama nafungua simu naangalia kamusi, naandika maana kwenye daftari, narudi kwenye kitabu nishasahau nani alikuwa anasema na nani, na bando limekwisha. Na kinachochosha zaidi ni kuwa Waskoti kwenye kitabu wanazungumza Kiingereza chao, dinna, ken, bairn, wee, na hivo kwenye kamusi ya simu ama havimo ama vinakuja na maana nyengine, nimekaa nusu saa natafuta kwa nini kila kitu kwao kina "wee" kumbe ni "kidogo" tu.

Nilichobadilisha: neno nikikutana nalo mara moja nalipita, mara ya pili nalipita, mara ya tatu ndo nalitafuta. Na vile vya Kiskoti nimevitengea ukurasa wa mwisho wa daftari, mpaka sasa havizidi 30. Na kusoma kwa sauti kunasaidia, "dinna" ukiitamka unasikia mwenyewe kuwa ni "don't", yaani "usi-". Sasa naenda kurasa 15 kwa siku, siku za Ijumaa 30.

19 Februari. Bibi kaingia kwenye mradi

Hili sikulipanga. Umeme ulikatika siku mbili, taa ya simu imekufa, nimekaa barazani na kitabu mkononi nakipepea, bibi akaniuliza we mtoto kitabu gani hicho kinachokukosesha usingizi. Nikamsimulia. Nikaanza vizuri, duara la mawe yeye kaliita mzimu na hakushangaa hata kidogo, kwake mtu kuchukuliwa na mzimu ni habari ya jirani. Nikafika pale Claire anapoolewa na Jamie, akauliza: kwa nini aolewe? Nikasema, aaa, alimpenda. Akasema hujaniambia kuwa anampenda, umeniambia kamfunga jeraha bega, sasa ghafla wameolewa?

Nikakwama. Nimezisoma sura zile zote na nilidhani nimefahamu! Umeme uliporudi nikarudi nyuma kurasa 50, kumbe sababu imeandikwa wazi: yule kepteni wa Kiingereza, Jonathan Randall, anamtaka Claire apelekwe kwake kuhojiwa, na Claire akiwa Muingereza wale Waskoti anaokaa nao hawana njia ya kumkatalia, lakini akishaolewa na Mskoti anakuwa mtu wao. Ndoa ya kumuokoa. Nilipita juu juu manake nilikuwa na hamu ya kufika kwenye harusi.

Basi tokea siku ile nimeweka sheria, na katika shajara nzima kama utachukua kitu kimoja chukua hichi: sura nisiyoweza kumsimulia bibi sijaisoma. Kila baada ya Isha namsimulia nilichosoma jana, si cha leo, na swali lake nikishindwa kulijibu narudi.

Maswali yake lakini yakhe. La kwanza kabisa: "Huyu mwanamke kaolewa na mume yuhai?" Nikasema bibi, mume wa kwanza hajazaliwa, atazaliwa miaka 160 na kitu mbele. Akafikiri, akasema: "Asiyezaliwa hafi, na asiyekufa hamkalii mtu eda, basi hii talaka kaitoa nani?" Mpaka leo hatujapata jawabu na kila shangazi anaekuja anaulizwa.

15 Machi. Ramadhani

Nimesimama. Si kwa kukosa muda, usiku muda upo, ila vitabu hivi wale wawili wanafunga mlango mara nyingi na mwandishi anaingia nao ndani, na mie sitaki kuwa na kitabu hicho mkononi mwezi huu. Kwa anaefata njia: panga kabla. Mie nilikatwa katikati ya sura mbaya na tokea hapo najiuliza Jamie atatoka gerezani au hatoki.

Kwa bibi nasema "wakafunga mlango", basi. Kabla ya Ramadhani aliniambia "mlango huo unafungwa sana, bawaba hazijalegea?"

18 Aprili. Cha kwanza kimekwisha, na nimenunua kitu kimoja mara mbili

Kwanza tahadhari, mwisho wa kitabu cha kwanza una mateso ya gerezani na ubakaji, Jamie ndo anaefanyiwa, na hakupitwi haraka, kumeandikwa kwa kirefu. Mie nililifunga kitabu siku mbili. Bibi nimemwambia kateswa, hakuuliza zaidi, kanyamaza akasema Mungu amlaani aliyefanya.

Sasa hasara. Nilimwambia binamu atafute vyengine vya mwandishi yuleyule, akapata viwili, Voyager ambacho ni cha tatu, elfu 15, na chengine kinaitwa Cross Stitch, elfu 20 manake jalada zuri. Nikajua hichi ndo cha pili. Nimekisoma kurasa 10 nasema mbona Inverness tena, mbona fungate tena, labda wamerudi. Hawajarudi! Cross Stitch ndo Outlander ileile, Uingereza walikitoa kwa jina hilo. Elfu 20 imekwenda na maji. Angalia jina la mwandishi na ukurasa wa kwanza kabla ya kutoa pesa, usiangalie jalada.

Ila hasara hiyo imenifunza kitu. Katika daftari nilikuwa nshaona kuwa safari za Claire zina hesabu: 1945 toa 1743 ni 202. Ukisoma mbele pia, akirudi akirudia, ni 202 hiyohiyo. Nikaweka sheria ya kutoa 202 kila nikipotea. Kuja kufungua Cross Stitch kimeandikwa 1946, hesabu inakuwa 203, nikajua nimekosea kunakili, nikafuta ukurasa mzima. Sikukosea, chapa ya Uingereza ndo inaanza 1946. Kwa hiyo mkisoma wawili na kila mmoja ana chapa yake msigombane.

Na kosa la tatu la daftari: nilikuwa naandika namba za kurasa. Kitabu kikibadilika, au ukihamia kwenye simu, kurasa zote zinakuwa uongo. Andika sura. Daftari la kwanza limekufa kwa hilo, nimenunua la pili elfu 3 na mia 5.

9 Mei. Kitabu cha pili kimekwama Dar

Kimbunga Hidaya, boti zilisimamishwa, mzigo ukakaa. Nilipokipata (Dragonfly in Amber, elfu 15 na mzigo elfu 5) nikafungua nikakasirika, kinaanza mwaka 1968, Claire mtu mzima, ana binti wa karibu miaka 20, Jamie hayupo. Nikajua kuna kitabu kati nimekiruka. Nikamtumia binamu sauti ya dakika nne ya lawama. Hakuna nilichoruka, mwandishi ndo kafanya hivo, kaanza mwisho halafu karudi nyuma Paris 1744. Endelea tu kusoma, usimtukane binamu yako.

Na wale wanaosema angalia tamthilia kwanza ndo usome, mie nilijaribu vipande viwili na bando la wiki likaisha, halafu kule mambo mengine wameyageuza. Shoga yangu anaeangalia tamthilia aliniapia Murtagh, yule mtu wa karibu wa Jamie, mzima, mie kwenye kitabu kafa kwenye vita vya Culloden. Sote wa kweli. Chagua kimoja.

2 Juni. Culloden

Kitabu cha pili chote ni watu wawili wanaojua vita vitashindwa na wanajaribu kuvizuia. Mwanamfalme Charles Stuart katua Uskoti Julai 1745 kudai kiti cha baba yake, kapata ushindi wa mwanzo Prestonpans mwezi wa Septemba, na tarehe 16 Aprili 1746 jeshi lake lenye njaa likavunjwa Culloden kwa muda usiotimia saa moja. Baada ya hapo ikaja sheria ya kuwakataza watu wa milimani nguo yao wenyewe mpaka 1782.

Nilikuwa naogopa sehemu hii itamchosha bibi, majina mengi. Nikaanza kwa "ilichukua chini ya saa", akanikata: "Kama ya hapa." Nikasema bibi ya hapa fupi zaidi, 27 Agosti 1896, dakika 38 hivi, manowari za Waingereza zimepiga jumba la Sultani mpaka Khalid bin Barghash kakimbilia kwa Wajerumani. Akasema "basi hao wanajua kazi hiyo" na tukaendelea, Culloden nzima kaifahamu.

Tafsiri zangu za barazani, kwa atakaesimulia: kilt nimeita kikoi, imepita bila swali. Laird, yaani bwana mwenye ardhi na watu wake, nilimwita sheha, bibi akakataa, sheha hana wapiganaji wala hachukui ushuru wa ng'ombe, huyo ni diwani, wale wa zamani wa Pemba. Tabu kubwa sana nimeipata kwenye neno Sassenach, Jamie ndo anavyomwita mkewe, maana yake Muingereza, mtu wa kuja, ni neno la kudharau ila kwake limegeuka la mapenzi. Nikajaribu "mzungu wangu", haifai, wote wazungu. "Mgeni wangu", haina makali. Siku moja likanitoka: "mbara wangu". Bibi kacheka mpaka kashika ubavu. Tokea hapo Claire ni Mbara.

20 Julai. Ukungu, penisilini, na siku 11

Masika imenimaliza vitabu. Voyager nilikiweka juu ya kabati, kimeota ukungu wa kijani mgongoni na kurasa zimeshikana. Nilikianika juani, kosa, gundi ikayeyuka na kurasa za katikati zikaanza kutoka. Kinachofaa ni kivulini penye upepo, kitabu kimesimama kimefunguka kama feni, unapangusa na kitambaa kikavu, halafu kihifadhi kwenye mfuko wa nailoni na mchele kidogo ndani ya kitambaa. Mie nimekishona kwa uzi wa kushonea makoti.

Sasa katika kitabu hichohicho Claire, ambaye Boston alisomea udaktari na kuwa mpasuaji, anarudi 1766 baada ya kupoteana na Jamie miaka 20, na mfukoni kabeba sindano na penisilini. Miaka 162 kabla Fleming hajaigundua 1928! Hapa mie nipo nyumbani, duka la dawa, nikamweleza bibi kuwa asili yake ni ukungu. Bibi kakiangalia kitabu kilivyoota, akauliza "kwa nini basi unakipangusa?"

Pale wanapoonana tena, Jamie ana duka la uchapaji Edinburgh, anageuka anamuona mlangoni, anaanguka kazimia. Nimesimulia mara tatu kwa ombi. Bibi ana habari yake hapo, baba yake mdogo aliondoka na jahazi kipindi cha kaskazi na hakurudi, na mkewe alikaa na nguo zake kwenye sanduku. Alisema "yule angerudi, mkewe ndo angezimia." Usiku ule sikusimulia tena.

Kosa jengine, la kitaalamu zaidi. Bibi anahesabu miezi kwa mifungo, akataka kujua Culloden ilikuwa mwezi gani. Nikaingiza 16 Aprili 1746 kwenye programu ya kalenda, ikaniletea mwisho wa Mfungo Sita, nikamwambia, kafurahi, mwezi wa Maulidi. Wiki ya pili ndo nafahamu kuwa Waingereza wakati ule walikuwa bado na kalenda ya kale, walikuwa nyuma siku 11, wakaja kuzirekebisha 1752 kwa kulala tarehe 2 Septemba na kuamka 14. Kwa hiyo Culloden kwa kalenda ya sasa ni 27 Aprili, Mfungo Saba mwanzoni. Nilikuwa naogopa kumfahamisha siku 11 zinapotelea wapi, wala haikuwa kazi, mwezi huu watu wamekoga mwaka Makunduchi na yeye anaijua Nairuzi, ina siku 365 na haina ya kuongeza, kwa hiyo inateleza. "Wao walisahau kuongeza au waliongeza wasichokuwa nacho?" Waliongeza kupita kiasi, bibi.

25 Agosti. Bridgetown

Nimesoma sura moja wiki nzima. Kitabu cha tatu kinavuka bahari, kinafika Barbados, soko la watumwa Bridgetown, na Claire kwa hasira na kwa vurugu alizozizusha mwenyewe anaishia kuwa na mtumwa kwa jina lake, mwanamme wa mkono mmoja, na hajui amfanye nini. Mwandishi kaandika harufu, kaandika chuma cha moto.

Mie nimesomea mjini Unguja miaka miwili, nilikuwa napita Mkunazini kila siku, kanisa kuu pale limejengwa juu ya soko lililofungwa 1873. Napita na mihogo yangu mkononi. Nilikuwa sijawahi kulifikiria kama mahali ambapo mtu kasimama jua linamuwakia akisubiri kuangaliwa meno. Kitabu cha mapenzi cha mtu wa Marekani ndo kimenifikirisha hivo, na sijui kama nimshukuru au nimkasirikie, manake yeye baada ya sura mbili anaendelea na mahaba yake na mie nimebaki pale sokoni.

22 Septemba. Kitabu cha nne na karafuu

Kuanzia hichi nimehamia kwenye simu, nanunua mwenyewe, pamoja na makato yake ni karibu elfu 23 na mia 5 kila kimoja. Ghali, ila hakioti ukungu na neno ukiligusa maana inakuja. Macho yakichoka punguza mwanga, ongeza maandishi. Taa ya kuchaji elfu 12 kwa zile siku za kukatika.

Karafuu zimeiva kwa mjomba Mtambwe na sote tumehamia huko, mchana kuchuma, usiku kuchambua. Kasi imeshuka mpaka kurasa tano, sita. Lakini kuchambua karafuu ndo kazi ya hadithi, mikono inajijua wenyewe, huku karafuu kule makonyo, na watu wamezunguka jamvi. Badala ya bibi peke yake nina wasikilizaji 11 na watoto wanaitikia pakawa.

Kitabu cha nne wako North Carolina, na Jamie ana shangazi yake, Jocasta, tajiri, ana shamba kubwa linaitwa River Run, na shamba linakwenda kwa watumwa. Anataka kumrithisha Jamie. Jamie na Claire wanakataa, wanakwenda zao msituni wakajenge chao. Mtoto mmoja akauliza huyo shangazi alikuwa na karafuu? Nikasema hana, na zama hizo hata hapa mkarafuu haukuwepo, Pemba ilikuwa mkononi mwa Mamazrui wa Mombasa mpaka miaka ya 1820, na mbegu ya karafuu imekuja visiwani karne ya 19 hiyo. Watu hawakuniamini. Pemba bila mkarafuu? Ilikuwa na nini sasa? Mpunga, nikasema, Pemba ilikuwa ikiuza mpunga.

Halafu mjomba, ambaye siku zote anasikiliza kajifanya hasikilizi, akasema: na hii iliyopandwa mwanzo kaipanda nani? Hakuna aliyejibu, kila mtu anajua. Utumwa visiwani umefutwa 1897, na mikarafuu ya kale ilikuwa ishakuwa mikubwa. Tumechambua kimya mpaka pishi ikajaa, halafu bibi akasema haya, Mbara na mumewe wamefika wapi.

30 Oktoba. Cha tano, na Mjerumani

Kaka yangu anafanya kazi kwenye hoteli Nungwi, watalii wanaacha vitabu, nikampa orodha. Akanipigia kwa furaha, kapata cha tano, kinene, bure. Kimenigharimu bodaboda elfu 2 kukifata bandarini. Das flammende Kreuz. Cha Kijerumani kitupu. Nnacho, kinazuia mlango wa jikoni.

Nikanunua cha simu. The Fiery Cross kinaanza na mkusanyiko wa koo mlimani, na siku ile moja, nakwambia siku moja, inakwenda kurasa zaidi ya 100. Mvua, nepi za mtoto, harusi inayoahirishwa, kahawa. Hapa ndo wengi wanaacha na mie niliacha wiki mbili. Nilijaribu kuruka mpaka Alamance, vita vya tarehe 16 Mei 1771, nikakuta watu wanafanya mambo sijui kwa nini, nikarudi. Nilichofanya mwisho: siku ile nzima nimemsimulia bibi kama mtu anaesimulia harusi aliyotoka jana, nani kaja, nani kanuna, nani kavaa nini, hakuna kisa. Kapenda kuliko vita. Alisema "hapa ndo naona watu." Basi kosa lilikuwa langu, nilikuwa natafuta kisa kwenye sura zisizokuwa na kisa.

12 Januari 2025. Mwaka umepita, niko cha nane

Lengo limeshindikana kwa wiki chache. Cha sita na cha saba nimevimaliza haraka, karafuu zimekwisha na mkono ushazoea, cha sita Claire anahangaika kutengeneza etha ya kuwatia usingizi wagonjwa na mie nimesoma nikiwa dukani wateja wananisubiri. Cha saba kinafika Saratoga 1777, cha nane Monmouth Juni 1778, vita vya Wamarekani vya kudai uhuru. Ushauri mmoja: kuanzia cha saba watu wamegawanyika sehemu tatu na zama mbili, kwa hiyo daftari nimelichora safu, kila kundi na safu yake na mwaka juu. Bila safu usianze cha saba.

16 Februari. Nimemaliza

Cha tisa sikununua, binamu kanikopesha chake, ndo malipo ya lawama za mwezi wa Mei kayageuza wema.

Hesabu: vitabu vya karatasi vinne elfu 68, mizigo mitatu elfu 15, vitabu vitano vya simu laki 1 na elfu 17 na mia 5, bodaboda ya Mjerumani elfu 2, madaftari mawili elfu 7, bando miezi 12 kwa elfu 4 ni elfu 48, taa elfu 12. Jumla laki 2 na elfu 69 na mia 5. Atakaefata bila makosa yangu atoe Cross Stitch, Mjerumani na daftari moja, inabaki laki 2 na elfu 44. Mkiwa watatu mkagawana vitabu inashuka sana.

Juzi nimemkuta bibi barazani na jirani, anasimulia. Duara la mawe kalihamishia shamba la nyuma ya Ole, Jamie ana kikoi cha Kisomali, na lile suala la eda kalimaliza mwenyewe, Claire kakaa miezi minne na siku kumi ndo akaolewa. Jirani anatikisa kichwa, anasema ndivyo. Nimepita ndani kimya kimya nikaweka chai.

Daftari la pili anaelitaka nampigia picha kurasa zote namtumia. Vitabu vya karatasi naazima kwa anaeishi Wete au Chake, si mbali zaidi ya hapo, manake Voyager, kile nilichokishona kwa mkono wangu, kilichukuliwa na mtu wa Mkoani tokea Disemba kwa ahadi ya wiki mbili, na akisoma hapa anajijua.